Soma ripoti yako ya CRB kabla ya mvua ya Machi

*Wakulima na wafanyabiashara wa Kitale na Bungoma wana haki ya kuona bila malipo yale ambayo wakopeshaji wameandika juu yao kwenye kampuni za taarifa za mikopo, CRB. Wengi huyajua siku wanaponyimwa mkopo.*

Mwezi wa Februari ukielekea ukingoni, Kitale huwa mji wenye haraka. Trekta zimeshapita mashambani huko Kwanza na Endebess, mifuko ya mbegu imepangwa hadi mlangoni kwenye maduka ya pembejeo, na matatu za Kiminini na Saboti zinashusha wakulima waliovaa vizuri kuliko siku ya kawaida ya soko. Wamekuja benki.

Hesabu yao inajulikana. Ekari moja ya mahindi hula kilo 10 za mbegu, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia na mwingine wa kukuzia. Juu ya hapo kuna kulima, kupiga haro, palizi na vibarua. Mwenye ekari tano hawezi kuzitoa pesa hizo mfukoni, hasa ikiwa karo ya muhula wa kwanza ndiyo kwanza imelipwa.

Ofisa wa mikopo hupokea kitambulisho, hubofya kompyuta, husoma kwa muda. Kisha hutamka maneno mawili ambayo Mkenya yeyote anayekopa huyaogopa: uko CRB.

Mkulima akiuliza ni deni gani, mara nyingi hutajiwa kitu alichokwisha kukisahau. Huenda ni mkopo wa simu wa miaka iliyopita, uliochukuliwa kwa laini ambayo haitumii tena. Huenda ni mkopo wa mwenzake aliyemdhamini kwenye Sacco. Na kuna wakati huwa ni deni alilolimaliza kitambo, ila aliyelipwa hakuandika kwamba limekwisha.

Mvua ndefu huanza kushika Trans Nzoia mwezi wa Machi. Kusahihisha rekodi yenye makosa kunaweza kuchukua wiki tatu. Anayezipata habari zake kwenye kaunta ya benki wakati huo amechelewa, hata kama ukweli wote uko upande wake.

> Kusahihisha rekodi kunaweza kuchukua wiki tatu. Mvua haisubiri wiki tatu.

Daftari la kila anayekopa

Kabla ya 2009, mtu aliweza kukopa benki moja Kitale, akaacha kulipa, kisha akakopa benki nyingine Bungoma bila yeyote kujua. Benki zilijikinga kwa kuwachukulia wote kuwa hatari: riba ikawa juu kwa mlipaji mzuri na mbaya vilevile.

Kanuni za kwanza za kampuni za kuhifadhi taarifa za mikopo, zile tunazoziita CRB, zilitungwa 2008 na kuanza kutumika Februari 2009. Benki Kuu ya Kenya ilitoa leseni ya kwanza 2010 kwa CRB Africa, ambayo leo ni TransUnion. Metropol ilifuata 2011, na Creditinfo 2015. Ndizo hizo tatu hadi sasa.

Mwanzoni benki zilipeleka habari za wasiolipa tu. Hapo ndipo jina CRB lilipopata sifa yake mbaya, likawa kama jina la ugonjwa. Lakini Kanuni za 2013 zilibadili mambo: benki zikatakiwa kupeleka pia habari za wanaolipa vizuri.

Maana yake ni kwamba kila aliyewahi kukopa benki, alipe asilipe, yumo CRB. Swali la kujiuliza ni nini kimeandikwa hapo penye jina lako.

Wakati huohuo mkopo ulihamia kwenye simu. M-Shwari ilizinduliwa Novemba 2012, KCB M-Pesa ikaja 2015, Fuliza ikafuata Januari 2019, na programu za kukopesha zikaongezeka kama uyoga wa masika. Mtu alikopa shilingi 500 akiwa kwenye foleni ya kliniki, akalipa au akasahau, na kila hatua ikaandikwa mahali.

Matokeo yake yalionekana haraka. Utafiti wa shirika la MSC uliotolewa 2019 ulikuta Wakenya milioni 2.2 wakiwa na mikopo ya kidijitali ya kati ya 2016 na 2018 ambayo haikuwa imelipwa. Karibu nusu yao walidaiwa salio lisilofika dola 10. Hao ni watu waliofungiwa milango ya benki kwa pesa zisizotosha kununua mfuko mmoja wa mbolea.

Shamba bila hatimiliki

Wakopeshaji wana hoja ya kutunza daftari hili, na katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma ina uzito wake.

Sehemu kubwa ya Trans Nzoia ilikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru, familia nyingi zilichanga pesa na kununua mashamba hayo kwa pamoja, kupitia kampuni na vyama vya ushirika. Wajukuu wao wanalima vipande hivyo hadi leo, na wengi bado wanasubiri hatimiliki ya jina lao wenyewe.

Bungoma, mwanamke anayeuza nyanya na vitunguu katika soko la Chwele anaweza kuwa na biashara ya miaka 15 inayosomesha watoto, lakini shamba limeandikwa jina la mume au la baba mkwe. Akienda benki hana cha kuweka dhamana.

Kwa watu kama hawa, rekodi safi ya kulipa ndiyo dhamana pekee waliyo nayo. Benki inayoona kwamba mama huyu amekopa mara kumi na kulipa mara kumi kwa wakati ina sababu ya kumpa kiasi kikubwa zaidi bila kumwuliza hatimiliki. Bila daftari hilo, historia yake yote ingebaki mdomoni mwake.

Riba nayo inaingia hapa. Sheria iliyoweka kikomo cha riba mwaka 2016 iliondolewa Novemba 2019, na benki zikarudi kupanga bei ya mkopo kwa kupima hatari ya kila mteja. Rekodi yako basi haiamui tu kama utapewa mkopo. Inagusa pia bei utakayoulipia.

Aliyecheleweshwa naye huandikwa mchelewaji

Wakopaji nao wana malalamiko ambayo hayafai kupuuzwa.

Mwaka 2018, wakulima wa Bonde la Ufa waliopeleka mahindi kwenye maghala ya Halmashauri ya Nafaka na Mazao, NCPB, walingoja malipo yao kwa miezi. Wengi walikuwa wamekopa kwa ajili ya msimu. Bungoma, wakulima wa miwa wa kiwanda cha Nzoia wamepitia misimu mingi ya kungojea pesa za miwa iliyokwisha kusagwa.

Mkulima wa namna hii anadai na anadaiwa kwa wakati mmoja. Lakini katika ripoti hutaona deni analodai. Utaona siku alizochelewa: 30, 60, 90. Zikifika 90, mkopo huhesabiwa kuwa haulipwi, na sababu haina safu yake.

Kuna vijana pia. Aliyesoma Kibabii au chuo kingine kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hutarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asipolipa hutozwa faini ya Sh5,000 kwa mwezi, na jina lake linaweza kupelekwa CRB. Kijana huyo anaombwa cheti cha CRB cha kuonyesha hana deni lililokwama ili apate kazi, na anahitaji kazi ili alipe deni linalomnyima cheti.

Wanasiasa waliyasikia malalamiko haya. Aprili 2020, Kanuni mpya zilipiga marufuku kupeleka CRB deni lisilofika Sh1,000, zikaagiza cheti cha kwanza kitolewe bure, na Benki Kuu ikawanyang'anya wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina. Sikukuu ya Mashujaa ya 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wanaodaiwa chini ya Sh5 milioni wasipelekwe CRB, amri iliyodumu hadi Septemba 2022.

Novemba 2022, chini ya Rais William Ruto, Benki Kuu ilitangaza mpango wa kusafisha rekodi. Benki zilitakiwa kusamehe angalau nusu ya mikopo ya simu iliyokuwa imekwama. Mpango huo uligusa mikopo ya takriban Sh30 bilioni na zaidi ya watu milioni 4.2, na muda wake ulikwisha Mei 31, 2023.

> Msamaha ulitangazwa Nairobi. Kama ulifika kwenye ripoti yako, ni wewe utakayejua kwa kuisoma.

Misamaha hii iliwapa watu pumzi, lakini iliwaacha na dhana ya hatari: kwamba mambo yamekwisha. Aliyelipa nusu kabla ya Mei 2023 alistahili kuona nusu ya pili imefutwa. Je, ilifutwa? Aliyekuwa akidaiwa Sh700 mwaka 2019 alistahili kuondolewa. Je, aliondolewa? Tangazo la redioni haliwezi kumjibu.

Kuisoma karatasi yenyewe

Ripoti ya mikopo ni kurasa chache, na mtu aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuielewa akionyeshwa mara moja.

Juu kabisa kuna wewe: majina, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, nambari za simu, anwani, mwajiri. Usiiruke sehemu hii. Katika kaunti ambamo majina kama Wafula, Wekesa, Nekesa na Barasa yamejaa kila kijiji, tarakimu moja ya kitambulisho iliyokosewa inaweza kukubebesha mkopo wa mtu usiyemjua.

Kisha huja mikopo, kila mmoja na mstari wake: nani alikukopesha, lini, kiasi gani, salio la sasa, kiasi kilichochelewa, siku ulizochelewa, tarehe ya malipo ya mwisho, na hali ya akaunti. Chukua kalamu. Weka alama kwenye kila mstari usioutambua na kila deni ulilolipa ambalo bado lina salio.

Chini kuna orodha ambayo wengi huipuuza: walioiomba ripoti yako na tarehe walizoiomba. Ukiona mkopeshaji ambaye hujawahi kumkaribia aliiomba ripoti yako, jiulize kitambulisho chako kimepita mikononi mwa nani. Hiyo huweza kuwa dalili ya kwanza kwamba kuna anayekopa kwa jina lako.

Mwisho kuna alama. Ile ya Metropol, kwa mfano, hupimwa kati ya 200 na 900, na kadiri inavyopanda ndivyo unavyoaminika zaidi. Kuisoma ripoti yako mwenyewe hakuishushi alama hiyo, ingawa wengi huogopa hivyo.

Sheria inakupa nini

Kanuni zinakupa haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila kampuni. Ukinyimwa mkopo kwa sababu ya taarifa za CRB, una haki ya kupata nakala nyingine bure ndani ya siku 30 tangu ulipoarifiwa.

Mkopeshaji anatakiwa kukupa ilani ya siku 30 kabla ya kulipeleka jina lako kuwa hulipi. Kama ilani hiyo haikukufikia, hiyo pekee ni sababu ya kulalamika.

Ukipinga jambo lililoandikwa, kampuni inatakiwa kuweka alama kwamba taarifa hiyo ina mgogoro na kumwuliza mkopeshaji. Uchunguzi usipokamilika ndani ya siku 21, taarifa hiyo inapaswa kuondolewa. Usiporidhika na matokeo, unaweza kuomba maelezo yako mafupi yaambatanishwe kwenye ripoti. Mkulima aliyecheleweshewa malipo ya mahindi anaweza kuitumia nafasi hiyo kueleza kisa chake kwa kila atakayeisoma.

Juu ya haki hizo, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa taarifa zake zenye makosa, na malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data.

Lakini kuna jambo ambalo sheria haifanyi. Deni la kweli halifutiki kwa sababu limeanza kukuchosha. Hata baada ya kulilipa, historia ya kutolipa hukaa miaka 5 tangu siku uliyomaliza, ingawa huonekana kwamba limelipwa. Kwa hiyo mtu anayekuahidi kwenye WhatsApp kwamba atakutoa CRB ukimtumia Sh3,000 anakuibia. Hakuna mlango wa nyuma. Kampuni za CRB huandika zinacholetewa na wakopeshaji, na marekebisho huanzia kwa mkopeshaji.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Siku hizi dozi imeongezeka: ulipe, uchukue barua ya kuthibitisha umemaliza, kisha uhakikishe imeandikwa.

Januari, Mei, Septemba

Kampuni ni tatu na kila moja unaidai ripoti moja ya bure kwa mwaka. Mkulima wa mahindi anaweza kuzipanga kwa kalenda yake.

Januari, omba ya kwanza. Ukikuta kosa, siku 21 zinakwisha kabla ya Februari kuisha, na unaingia benki na karatasi safi. Mei, mahindi yakiwa yanapaliliwa na kuwekewa mbolea ya kukuzia, omba ya pili. Itakuonyesha kama mkopo wa msimu umeandikwa kama mlivyokubaliana. Septemba, kabla ya mavuno ya mwisho wa mwaka, omba ya tatu, ili ujue deni lipi la kulipa kwanza magunia yakiuzwa.

Haifai kutegemea kampuni moja tu. Mkopeshaji anaweza kusahihisha kosa kwenye daftari moja na kuliacha kwenye lingine, na huwezi kujua benki yako itafungua lipi.

Metropol hupatikana kwa kubonyeza *433# kwenye simu ya aina yoyote, na TransUnion kwa kutuma ujumbe kwa 21272. Creditinfo hupatikana mtandaoni. Baadhi ya njia hizi hutoza ada ndogo ya usajili, kwa hiyo taja waziwazi kwamba unaomba ripoti yako ya bure ya mwaka.

Vyama vya akiba vinaweza kurahisisha kazi hii. Chama kinachokutana Kimilili au Webuye kila mwezi kinaweza kuifanya Januari kuwa mwezi wa kuomba ripoti, kila mwanachama kwa simu yake, wenye macho mazuri wakiwasomea wazee. Sacco za walimu nazo, ambazo wanachama hudhaminiana, zina sababu ya kumtaka mdhamini asome ripoti yake kila mwaka, kwa kuwa sahihi aliyoiweka kumsaidia mwenzake inaweza kurudi kwake kama deni.

> Januari, Mei, Septemba: ripoti tatu za bure kwa mwaka, kila moja kwa wakati wake.

Mzigo usiwe wa mkopaji peke yake

Nchini Marekani, sheria ya 2003 iliwapa raia ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka kwa kila kampuni, kama ilivyo kwetu. Wakati wa Covid-19 kampuni tatu kubwa za huko zilianza kuzitoa bure kila wiki kupitia mtandao, na mwaka 2023 zikaufanya utaratibu huo kuwa wa kudumu. Mojawapo ni TransUnion ya Chicago, ndiyo hiyohiyo iliyoko Nairobi.

Haki ya mkazi wa Chicago kila wiki ni haki ya mkazi wa Kitale mara moja kwa mwaka. Hakuna sababu ya kiufundi inayoweza kutetea tofauti hiyo katika nchi ambayo kutuma pesa kwa simu kumekuwa jambo la kila siku tangu 2007.

Benki Kuu, ambayo kwa sheria ya 2021 imepewa mamlaka ya kuwasimamia hata wakopeshaji wa kidijitali na imeshawapa leseni zaidi ya 100, inaweza kulirekebisha jambo hili kwa agizo. Wakopeshaji wana nambari za simu za wateja wao wote. Wana mashine za kutuma ujumbe siku tatu kabla ya tarehe ya kulipa, siku yenyewe, na kila siku baada yake.

Mashine hizohizo zitumwe kazi moja zaidi. Kila Januari, kila mkopeshaji amtumie mteja wake ujumbe kwa Kiswahili: hiki ndicho tulichoandika juu yako CRB, hili ndilo salio, na hii ndiyo nambari ya kupiga kama tumekosea. Na deni linapoisha, mteja atumiwe ujumbe mwingine kuthibitisha kwamba limeandikwa limekwisha.

Gharama yake ni senti chache kwa kila mteja. Mpaka agizo hilo litolewe, haki ipo na inaanza kwa kubonyeza simu. Itumie mwezi wa Januari, wakati bado kuna siku za kutosha za kudai ukweli uandikwe.